SOMO LA MALEZI: TIMU YA MPIRA AU MICHEZO YA KUJIHAMI?

Tusome kwanza: Zekaria 8:4-5, 1 Wakorintho 9:24-27, 1 Wakorintho 12:14-26, Mithali 16:32.



Siku hizi swali moja laulizwa sana nje ya kanisa baada ya ibada, hasa na wazazi wenye watoto wa shule za msingi. Mtoto ametimiza miaka saba au minane, ana nguvu za kukimbia kutwa, na karibu na nyumbani pana mahali pawili pa kumpeleka. Pana kiwanja cha mpira, na pana ukumbi ambamo watoto waliovaa mavazi meupe hufundishwa karate, judo au taekwondo. Fedha iliyopo yatosha mahali pamoja tu. Baba asema mpira, kwa sababu yeye mwenyewe alicheza. Mama asema karate, ili mtoto asionewe shuleni. Na babu akisikia habari hizi auliza kama si dhambi kwa Mkristo kujifunza kupigana.

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto akianza mchezo akiwa na miaka saba na kuendelea hadi kumi na minne, mtu wa pili kumlea baada ya wazazi wake huenda akawa huyo anayepuliza filimbi au anayesimama mbele ya ukumbi. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu, kama tutazamavyo jambo lo lote la malezi, tukianzia katika Maandiko, kisha tukiangalia mambo yalivyo, na mwisho tukikata shauri.

1. Mchezo ni sehemu ya malezi

Wako wazazi wanaodhani mchezo ni kupoteza wakati, na kwamba mtoto mwema ni yule aliyetulia na kitabu. Lakini nabii Zekaria alipotaka kueleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, alionyesha wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Kwake yeye mchezo wa watoto ulikuwa dalili ya baraka ya Mungu. Naye Luka, katika sura ya pili, anaposimulia kukua kwa Bwana wetu, hasahau kutaja kimo pamoja na hekima.

Mtume Paulo alifahamu michezo ya Wayunani. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho anamtaja mkimbiaji, na papo hapo anamtaja mpiganaji wa ngumi, asiyerusha mikono ovyo hewani. Yatupasa kuangalia kwamba hakumkataa huyu wala yule, bali kwa wote wawili alisifu kujizuia. Akimwandikia Timotheo alipima vizuri: mazoezi ya mwili yana faida yake, lakini utauwa una faida kubwa zaidi. Kipimo hiki tusikipoteze hadi mwisho wa somo.

Waganga nao wanakubaliana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili hadi moyo uende mbio, na angalau siku tatu kwa juma afanye mambo ya kutia nguvu misuli na mifupa. Ukihesabu, utaona kwamba saa mbili za ukumbini kwa juma hazitoshi, wala mechi moja ya Jumamosi haitoshi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtoto ajiunge wapi, tuulize kwanza kama anacheza nyumbani. Rede, kombolela, kuruka kamba na kukimbizana uwanjani havidai ada, navyo ndivyo msingi wa yote.

2. Michezo hii ilitoka wapi

Wengi wetu hudhani kwamba mpira ni mchezo wa Kanisa na karate ni mchezo wa sinema. Historia inatufundisha kwa undani zaidi.

Ni kweli kwamba michezo mingi ya timu ina undugu na Kanisa. Mpira wa kikapu ulibuniwa na mwalimu mmoja, James Naismith, mwezi wa Desemba 1891, katika chuo cha chama cha vijana Wakristo, yaani YMCA, mjini Springfield, Marekani. Alitakiwa kupata mchezo wa ndani kwa vijana waliochoshwa na mazoezi ya viungo wakati wa baridi. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13, na kati ya hizo akakataza kukimbia na mpira mikononi na kumsukuma au kumpiga mwenzako, maana aliona kwamba fujo nyingi za michezo mingine zatokana na mambo hayo. Miaka minne baadaye, mwaka 1895, William Morgan wa YMCA ya Holyoke alibuni mpira wa wavu. Mpira wa pete, ambao wasichana wetu wanaupenda, ulichipuka Uingereza kutokana na ule wa kikapu. Kadhalika timu ya Southampton ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1885 na vijana wa kanisa la St Mary's, ndiyo sababu hata leo yaitwa Watakatifu. Na ile inayoitwa sasa Manchester City ilianzia mwaka 1880 katika kanisa la St Mark's, West Gorton, mtaa wa maskini. Makanisa yote mawili ni ya Kianglikana.

Lakini tazameni na upande wa pili. Judo ilianzishwa mwaka 1882 mjini Tokyo na Jigoro Kano, kijana wa miaka 21. Alikuwa mwembamba na mfupi, na alipokuwa shule alionewa na wenye nguvu, akaenda kujifunza mieleka ya kale ya Japani. Kisha akaitoa mbinu zilizokuwa za kuua na kuvunja viungo, akabakiza zile ambazo watu wawili waweza kufanya kwa nguvu zao zote bila kuumizana. Huyu Kano alikuwa mwalimu kwa kazi. Kwa vipindi vinavyozidi miaka 20 kwa jumla alikuwa mkuu wa chuo kikubwa cha ualimu cha Tokyo. Aliweka misingi miwili ya judo: kutumia nguvu kwa njia iliyo bora, na kustawi pamoja, mimi na mwenzangu.

Karate nayo ililetwa Tokyo mwaka 1922 kutoka kisiwa cha Okinawa na Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule pia. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba mwanafunzi wa karate haanzi kupiga. Taekwondo ya Korea ilipata jina lake mwaka 1955. Judo iliingia katika michezo ya Olimpiki mwaka 1964, taekwondo ikapewa nafasi kamili mwaka 2000, na karate ilichezwa Tokyo mwaka 2021.

Wala sisi wenyewe hatukuwa wageni wa mambo haya. Watoto wachungaji wameshindana mieleka mbugani tangu zamani, na Lamu vijana hucheza kirumbizi kwa bakora, wakifuata ngoma na adabu yake.

Basi tunaona kwamba waasisi wa pande zote mbili walikuwa walimu waliotaka kuwafundisha vijana kutawala nguvu zao. Tukitaka kuhukumu, tusihukumu kwa sinema za Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973, wala tusiuhukumu mpira kwa makelele ya mashabiki.

3. Timu yafundisha nini?

Faida ya kwanza ya timu ni kwamba mtoto ajifunza kuwa yeye si wote. Paulo alieleza Kanisa kwa mfano wa mwili wenye viungo vingi, ambao jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba hauhitajiki. Mtoto aliyesimama golini huku wenzake wakishangilia bao upande wa pili anaielewa sura hiyo kwa miguu yake kabla hajaielewa kwa akili. Amefurahi kwa bao asilolifunga yeye. Hilo ni jambo kubwa.

Faida ya pili ni kujifunza kupoteza pamoja na kutomlaumu mmoja. Faida ya tatu ni wepesi wa gharama. Mpira wa matambara uliofungwa kamba watosha watoto ishirini, na kiwanja ni mahali po pote penye tambarare. Faida ya nne, katika nchi yetu mtoto anayecheza timu ana njia iliyokwisha kutengenezwa: michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Wasichana nao wasiachwe nyuma. Timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika mwaka 2010, na wachezaji wake nao waliwahi kuwa watoto wa mitaani kwetu.

Lakini timu ina ugonjwa wake, nao ni benchi. Mpira wa miguu huchukua watu 11, mpira wa pete 7, mpira wa wavu 6, wa kikapu 5. Darasa lina watoto 50 au zaidi. Mwalimu akipenda ushindi, wale wale kumi na mmoja watacheza mwaka mzima, na waliobaki watabeba maji na kuokota mipira. Mtoto mnene, mtoto mwenye haya, mtoto aliyechelewa kukua, wote hawa wajifunza somo ambalo hatukulikusudia, ya kwamba hawana mahali.

Tulipokuwa chuoni tukiwaandaa walimu, tulikuwa tukisisitiza jambo moja kwa wanachuo kabla ya mazoezi ya kufundisha. Tuliwakataza kuwasimamisha manahodha wawili mbele ya darasa wachague timu kwa zamu, mmoja mmoja. Maana mtoto anayebaki wa mwisho kila siku, akichaguliwa kwa kuguna, huibeba aibu ile miaka mingi. Ni afadhali mwalimu awahesabu moja, mbili, moja, mbili, na timu zikapatikana bila mtu kuaibishwa. Tulitaka pia kila mtoto aguse mpira kabla ya kipindi kwisha. Waalimu wa Shule ya Jumapili waweza kuyatumia hayo hata leo.

Tena ziko tabia mbaya zinazoingia kwa watu wazima: kudanganya umri wa wachezaji, kumtukana mwamuzi, kumfokea mtoto aliyekosa penalti. Na kwa upande wa afya, tuangalie kichwa. Mwezi wa Februari 2020 vyama vya mpira vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Mtoto aliyegongwa kichwa na kuonekana amepumbaa, anatapika au anaona kizunguzungu atolewe uwanjani mara moja, asirudishwe siku hiyo, na apelekwe kwa mganga.

4. Michezo ya kujihami yafundisha nini?

Katika ukumbi wa judo au karate hakuna benchi. Wakiwapo watoto thelathini, wote thelathini wanafanya mazoezi. Mtoto hashindanishwi kila siku na wenzake. Anashindana na jana yake mwenyewe, akipanda kutoka mkanda mweupe hadi rangi inayofuata. Kwa mtoto mwenye haya, au yule ambaye miguu yake haikimbii kama ya wenzake, jambo hili laweza kumwinua sana. Watoto wasiotulia nao husaidiwa na utaratibu wa kusimama mstarini, kungoja amri, na kutenda tendo moja kwa uangalifu.

Katika judo somo la kwanza si kumwangusha mtu, bali kuanguka wewe mwenyewe: kukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, na kupiga mkeka kwa mkono ili kishindo kitawanyike. Na mwenzako akikubana, wewe wagonga mkeka au mwili wake mara mbili, naye sharti akuachie papo hapo. Hebu tufikiri juu ya hilo. Mtoto afundishwa kwamba kukiri ameshindwa si aibu, na mwenye nguvu afundishwa kuachia mara asikiapo ishara. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Na Mithali yatuambia kwamba aitawalaye roho yake ampita atekaye mji.

Tena watu hukosea wakisema michezo hii ni ya mtu peke yake. Hakuna awezaye kujifunza kumwangusha mtu bila mwenzake wa kuanguka. Kila mmoja amemkopesha mwenziwe mwili wake, na lazima aurudishe mzima. Umoja wa namna hii ni wa watu wawili tu, lakini ni umoja wa kweli.

Kwa watoto wenye ulemavu wa macho, judo ina nafasi ya pekee. Imo katika Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1988, ikichezwa na wasioona, ambao huanza pambano wakiwa tayari wameshikana mavazi. Timu nayo ina mchezo wake kwa ajili yao, uitwao goliboli, ambao mpira wake una kengele ndani.

Sasa hatari zake. Japani, nyumbani kwa judo, kati ya mwaka 1983 na 2010 watoto zaidi ya 100 walikufa kutokana na judo mashuleni, na wengi wao waliumia kichwa. Hesabu hiyo iliwashtua Wajapani wenyewe walipoijumlisha. Wanafunzi wapya waliangushwa kwa nguvu kabla hawajajua kuanguka, au waliendeshwa mazoezi makali kama adhabu. Tena mwezi wa Machi 2022 chama cha judo cha Japani kilifuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi, kwa kuwa makocha na wazazi walikuwa wakiwalazimisha watoto kupunguza uzito na kuwafokea waamuzi. Ugonjwa ni ule ule tuliouona uwanjani. Watu wazima wakitafuta sifa zao kwa mwili wa mtoto, mchezo wo wote huharibika.

Liko na jambo la gharama. Vazi, mkanda, ada ya mwezi, na ada ya mtihani kila mtoto apandapo mkanda. Mzazi aulize yote haya mwanzoni. Ukumbi unaopandisha watoto wote mikanda kila baada ya muda mfupi, ili kukusanya ada, unauza rangi za kitambaa tu.

5. Je, mtoto wa Kikristo aweza kuinama?

Swali la babu lastahili jibu la heshima. Katika michezo hii wanafunzi huinama mbele ya mwalimu, mbele ya mwenzao, na mara nyingine kuelekea ukuta wa mbele wa ukumbi. Je, si ibada?

Kuinama kwa mwalimu na kwa mwenzako ni salamu ya Wajapani na Wakorea, kama sisi tunavyopiga goti au kusema shikamoo. Hakuna anayefikiri mtoto asemaye shikamoo anamwabudu shangazi yake. Ukutani, mara nyingi pana picha ya mwasisi au bendera; hapo pia heshima ndiyo inayotolewa. Lakini ziko kumbi, hasa huko Japani, zenye kijumba kidogo cha miungu yao ukutani, na wako waalimu wanaochanganya mazoezi na mafundisho ya dini nyingine au na mambo ya nguvu za siri. Hapo Mkristo ana haki ya kuuliza, na akijibiwa kwamba ni ibada, ana wajibu wa kukataa, kama wale vijana watatu wa Danieli sura ya tatu walivyokataa.

Mzazi asihukumu kwa uvumi. Aende mwenyewe, aketi kipindi kizima, asikie yanayosemwa na aone yanayofanywa. Amwulize mwalimu waziwazi. Mwalimu mwema hatakasirika.

Na kwa habari ya siku: mazoezi au mechi ikipangwa Jumapili asubuhi, na mtoto akakosa ibada na Shule ya Jumapili mwaka mzima, basi mchezo ule, uwe wa mpira au wa mkanda, umechukua mahali pasipo pake. Wazazi waseme na viongozi mapema; mara nyingi saa yaweza kubadilishwa wazazi kadhaa wakiomba pamoja.

6. "Ili asionewe"

Sababu hii ndiyo inayotajwa zaidi na wazazi wanaopenda karate, nayo yatupasa kuitazama kwa makini kuliko zote.

Mtoto anaonewa shuleni. Anapigwa njiani, ananyang'anywa fedha ya chakula. Mzazi, kwa uchungu, asema: "Nitampeleka akajifunze, naye awarudishie." Uchungu huo tunauelewa, na hatumlaumu mzazi. Bwana wetu katika Mahubiri ya Mlimani alikataza kisasi. Hakuwaamuru wazazi kumwacha mtoto mdogo apigwe bila msaada. Kumlinda mnyonge ni kazi ya watu wazima. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kumpeleka ukumbini, bali kwenda shuleni kuonana na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, na ikibidi kamati ya shule. Kumwambia mtoto wa miaka minane amalize mwenyewe jambo ambalo watu wazima wamelinyamazia ni kumtwisha mzigo wetu.

Ni kweli kwamba mtoto aliyejifunza vizuri hutembea wima, husema kwa sauti, na kwa hiyo hasumbuliwi sana. Faida hiyo huja bila kumpiga mtu. Lakini mtoto aliyepelekwa kwa nia ya kisasi atasikia nia hiyo hata kama mwalimu anafundisha kinyume chake. Akirudi nyumbani na kuulizwa, "Leo umejifunza kumpiga nani?", somo la Funakoshi limefutwa sebuleni.

Zaidi ya hayo, tusijidanganye kwamba karate itamlinda mtoto na mtu mzima mwenye nia mbaya. Mtoto wa miaka tisa hana nguvu za kumshinda mtu mzima, awe na mkanda wa rangi gani. Na mara nyingi anayemdhuru mtoto si mgeni wa njiani bali ni mtu anayefahamika nyumbani. Ulinzi wa mtoto ni huu: ajue kwamba mwili wake ni wake, apige kelele, akimbie, na aje aseme, na akisema, asikilizwe na kuaminiwa, hata kama anayemtaja ni ndugu, kocha, au mtu wa kanisani. Mtoto mwenye mzazi anayesikiliza ana ngao kuliko mwenye mkanda mweusi asiye na wa kumwambia.

7. Namna ya kukata shauri

Baada ya kuyatazama hayo yote, twaona hivi.

Kwanza, kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, msingi uwe ni kucheza kwingi na wenzake, michezo ya mitaani na ya timu, bila mashindano makali. Kujifunza kushirikiana, kungoja zamu na kupokea uamuzi ni haja ya kila mtoto, na timu huyafundisha kwa gharama ndogo.

Pili, michezo ya kujihami twaiona kuwa njia njema kwa mtoto ambaye timu haimfai: mwenye haya nyingi, aliyechoka kuachwa benchi, asiyetulia, au yule ambaye mwenyewe ameiona na kuipenda. Asipelekwe kwa lazima, wala kwa kisasi.

Tatu, aulizwe mtoto. Apewe kipindi cha kujaribu pande zote mbili, kama miezi mitatu, kisha aseme. Tukimwona anaamka mapema siku ya mazoezi bila kuitwa, tumepata jibu. Tukimwona kila juma anaumwa tumbo siku ile ile, nalo ni jibu pia.

Nne, mwalimu ana uzito kuliko mchezo. Kocha mwema wa mpira ni bora kuliko mwalimu mbaya wa judo, na kinyume chake ni kweli. Mzazi aangalie mambo haya: Je, watoto wote wanashiriki? Anayekosea anafundishwa au anatukanwa? Mtoto aliyeumia anapumzishwa? Wazazi wanaruhusiwa kuketi na kutazama? Mazoezi hufanyika mahali pa wazi, kukiwa na mtu mzima zaidi ya mmoja? Mwalimu anayetaka kubaki peke yake na mtoto, au anayemwambia mtoto asiseme nyumbani yanayofanyika, mwondoe mtoto siku hiyo hiyo, na viongozi waarifiwe.

Tano, mtoto akiisha kuchagua, mzazi ajizuie. Tusiishi maisha yetu ya utotoni kwa miguu ya watoto wetu. Akishindwa, tumpe maji na twende naye nyumbani. Mazungumzo ya makosa yangoje kesho, au yasiwepo kabisa.

Na kwa parokia yetu sote, liko neno moja. Tuna uwanja pembeni ya kanisa ambao siku nyingi hauna mtu. Watoto wengi hawataweza ada ya ukumbi wala viatu vya mpira. Vijana wawili au watatu, wakiwa na mipira miwili, na mama mmoja wa kuangalia, waweza kuwakusanya kila Jumamosi jioni, wavulana kwa wasichana, bila kumwacha mtoto ye yote. Mabao yakihesabiwa au yasipohesabiwa, hakuna neno.

Maswali ya kujadiliana katika Umoja wa Akina Mama, vikundi vya wazazi na vijana

1. Paulo alitaja mkimbiaji na mpiga ngumi. Ni fundisho gani alilotaka tupate kwa wote wawili?

2. Katika mtaa wetu, ni watoto gani ambao hawachezi kabisa? Ni kwa sababu gani, na twaweza kufanya nini?

3. Mtoto wako akikuambia anapigwa shuleni, hatua zako tatu za kwanza ni zipi?

4. Kuna tofauti gani kati ya heshima na ibada? Toeni mifano ya desturi zetu wenyewe.

5. Ni nani angekubali kutoa saa mbili kila Jumamosi kwa ajili ya watoto wa parokia?

Sala

Ee Mungu Baba yetu, uliyemtuma Mwanao awe mtoto kati ya watoto, tunakuomba uwabariki watoto wetu wanapocheza. Uwape miguu myepesi na mioyo isiyo na kisasi. Utupe sisi wazazi na walimu macho ya kumwona yule aliyeachwa pembeni, na masikio ya kumsikia yule anayeogopa kusema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.